JICHO LA BARABARANI: NANI ANAANGALIA WASAFIRI?



Likizo inakaribia. Wengine wetu watapanda moto tu mpaka Mudzipela, na jioni watakula kwa mama. Wengine watapanda gari la Mongbwalu, la Mahagi au la Aru. Wengine watateremka Kasenyi na kungoja mtumbwi. Kila mara wazazi wanauliza neno moja: mtoto atafika namna gani, na tutajua namna gani kama amefika?

Darasani tulibishana juu ya jambo hili. Mmoja alisema dawa ni kamera: katika inchi za mbali kuko kamera ndani ya kila bisi, mwizi anaogopa kunyoosha mkono. Mwingine akamjibu: «Kwetu umeme unapotea kila siku, kamera itakula nini?» Tulicheka sana. Lakini swali lenyewe si la kucheka. Kuangalia watu wanaosafiri kunaleta usalama kweli? Na kama kunaleta, kwetu Bunia pasipo kamera tutafanya nini?

Tuanze na maana. Kuangalia kwa ajili ya usalama ni kazi tatu, si moja. Ya kwanza ni kuona. Ya pili ni kuandika au kuchunga yale yaliyoonekana, ili kesho yasigeuzwe. Ya tatu ni kukimbilia msaada. Kwa kifupi: jicho, daftari na mguu. Watu wengi wanafikiri jicho peke yake linatosha. Mifano inaonyesha kinyume.

Tuchukue Kampala, sababu wafanyabiashara wetu wengi wanakwenda kule kununua vitu, na wanarudi na habari. Tarehe 17 mwezi wa tatu 2017, mkubwa mmoja wa polisi ya Uganda, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa karibu na nyumba yake na watu waliokuja na pikipiki. Rais Museveni akaamuru kamera ziwekwe mjini na kandokando ya barabara kubwa. Kazi ilipewa kampuni ya Huawei ya Uchina, na mwaka 2019 kamera zilikuwa zimekwisha kusimama mahali pengi pa Kampala.

Sasa sikia kilichofuata. Tarehe 1 mwezi wa sita 2021, asubuhi, Jenerali Katumba Wamala alikuwa ndani ya gari lake katika mtaa wa Kisaasi. Yeye wakati ule alikuwa waziri wa kazi na usafiri. Watu wenye pikipiki wakalifuata gari na kulipiga risasi. Jenerali alipona na vidonda, lakini binti yake na dereva wake walikufa. Kamera ziliona. Picha zenyewe zilitembea katika telefoni za watu siku ile ile, hata Bunia watu walizitazama. Jicho lilikuwako, daftari lilikuwako. Mguu ulichelewa.

Hatusemi kamera hazina faida. Polisi wanaokuja nyuma wanapata pa kuanzia: wauaji walikuwa wangapi, walivaa nini, walipitia njia gani. Lakini kamera haikuzuia risasi hata moja. Na pikipiki za wauaji zilipotea kati ya maelfu ya pikipiki zinazofanana. Njo maana serikali ya Uganda ikafanya mapatano na kampuni moja ya Urusi ili magari na pikipiki zote zipewe plaki mpya zenye chombo cha kuonyesha mahali zilipo. Kazi hiyo ilianza mwaka 2023. Watu wengi wa Uganda walinung'unika. Walisema: leo unamfuata mwizi, kesho utamfuata yule asiyekupigia kura. Swali lao ni la haki, tutalirudilia mbele kidogo.

London inafundisha vilevile. Ule ni mji wenye kamera nyingi sana. Tarehe 7 mwezi wa saba 2005 watu wanne walilipua mabomu katika treni tatu za chini ya udongo na katika bisi moja, wakaua watu 52. Kamera za stesheni ya Luton ziliwaonyesha asubuhi ile wakiingia na mifuko yao mgongoni, kama wanafunzi wanaokwenda matembezi. Walijulikana kisha kufa.

Siku kumi na tano zilipopita, mambo yakawa mabaya kwa upande mwingine. Polisi walikuwa wanalinda mlango wa nyumba moja wakitafuta mtu mwingine wa mabomu. Kijana wa Brazil, Jean Charles de Menezes, fundi wa umeme, akatoka kwenda kazini. Mtu aliyewekwa kutazama mlango, wenye kamera mkononi, wakati ule alikuwa anakojoa. Hakumpiga picha. Wengine wakamfuata kijana ndani ya bisi mpaka stesheni ya Stockwell wakifikiri ni yeye wanayemtafuta, na wakamuua ndani ya treni. Hakuwa na kosa lolote. Tunaona kama jicho ni la mtu, na mtu anachoka, anaogopa, anakwenda choo. Chombo kizuri hakimgeuzi mtu kuwa malaika.

Lakini kuko mfano mmoja mzuri, na ni wa hapa kwetu Kongo. Mwezi wa kumi na mbili 2013, MONUSCO ilianza kurusha kule Goma ndege ndogo zisizo na rubani wala silaha. Zilitumwa kuangalia vikundi vya wenye silaha. Mwezi wa tano 2014 moja ilikuwa inapita juu ya Ziwa Kivu. Wale waliokaa mbele ya kioo wakaona mtumbwi unapinduka na watu wanaanguka majini. Hawakusema «hii si kazi yetu, sisi tunatafuta waasi». Waliita. Mashua zikatumwa, na watu zaidi ya kumi wakatolewa majini wakiwa wazima.

Tofauti ya Ziwa Kivu na Kampala ni nini? Si ubora wa mashine. Goma kulikuwa mtu macho wazi saa ile ile, alijua atamwita nani, na yule aliyeitwa alikuwa na mashua tayari. Jicho na mguu vilifungwa kamba moja. Mtu akituuliza kama tunataka kamera katika mji wetu, inafaa tumuulize kwanza: nani atakaa mbele ya kioo saa mbili ya usiku, na akiona jambo baya atamtuma nani, na huyo ana mafuta ya moto yake?

Tuje sasa kwetu.

Bunia tunasafiri zaidi kwa taksi-moto. Kijana anakuja, unasema «Lumumba», mnapatana bei, unapanda. Jina lake hulijui. Sura yake imefichwa na kofia, au na kitambaa cha vumbi. Yeye naye hakujui wewe, na tusisahau upande huo: wanamoto wengi wameibiwa moto zao na abiria waliopakiwa usiku, wengine wameuawa. Hofu iko mbele na nyuma ya kiti.

Katika mji wa Kigali kila motari anavaa jile yenye namba. Ni kitambaa tu, hakina betri wala umeme. Lakini namba ile inafanya kazi kubwa: inamfanya asiyejulikana ajulikane. Ukisahau mfuko wako, ukitukanwa, ukipelekwa njia isiyo yako, unasema namba, na chama cha wanamoto kinamjua mtu. Mwenye nia mbaya anajua kama anajulikana, na kujua huko kunamzuia mbele hajaanza. Kamera inangoja jambo baya litendeke halafu inaonyesha. Namba inasema na motari tangu asubuhi.

Kwa hiyo, mbele ya kupanda, angalia plaki. Kama motari ana jile yenye namba, soma namba kwa sauti: «Eh kaka, wewe ni namba fulani, siyo?» Sema kwa heshima, hata kwa kucheka. Motari mwema hatakasirika. Kama plaki haiko, au imepakwa udongo makusudi, mwache aende. Panda kwa parkingi ambapo wenzake wanamjua, si njiani gizani. Na kama kuko mtu amekusindikiza, aone mkipatana bei. Macho mawili ya dada yako kwa mlango wa nyumba ni jambo dogo, lakini motari ameyaona.

Kwa wasichana tuongeze neno, sababu mambo yao hayasemwi mara nyingi. Mwezi wa tisa 2014, katika matatu moja huko Githurai, Nairobi, mwanamke mmoja alivuliwa nguo na kuibiwa na watu wa gari lenyewe. Tendo lile lilipigwa picha kwa telefoni, na picha zilienea. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule wanawake wa Nairobi walitembea barabarani kwa wingi kukataza mambo hayo. Mwaka 2017 tribunali ya Nairobi iliwahukumu watu watatu, kati yao dereva na msaidizi wake wa kukusanya pesa. Picha za aibu ziligeuka mashahidi. Lakini fikiri pia juu ya mama yule, ambaye aibu yake ilitazamwa na watu wasiomjua hata inchi za mbali. Njo maana tunasema: ukiona ubaya ndani ya gari, kwanza piga makelele, simama kati, mwite dereva asimamishe. Telefoni ije nyuma. Na picha hiyo umpelekee mwenye kuhukumu, si rafiki zako.

Safari ndefu ina mambo yake. Ndani ya mji namba ya plaki inatosha, lakini barabara za mbali zinataka mtu ajue nani ametoka, na saa ngapi alipashwa kufika. Tukumbuke Ziwa Albert, tarehe 22 mwezi wa tatu 2014. Wakimbizi wa Kongo walitoka kambi ya Kyangwali, Uganda, wakirudi kwetu kwa mashua iliyojazwa kupita kiasi. Mashua ikazama. Kwanza watu walisikia kama waliokufa ni makumi, kisha miili zaidi ya 100, kisha serikali yetu ikatangaza hesabu ya juu zaidi, 251. Kwa nini hesabu ilipanda vile? Sababu hakukuwa na orodha ya kweli ya waliopanda. Familia zingine zilikaa kungoja mtu ambaye hakuna aliyejua kama alikuwa ndani ya mashua ama hapana. Karatasi moja na bike vingefanya kazi ambayo ndege ya juu haiwezi kufanya.

Kwa barabara ya Komanda na Beni watu walijaribu njia nyingine, konvoi: magari mengi pamoja, askari mbele na nyuma. Hii nayo ni kuangalia. Inasaidia, lakini tarehe 1 mwezi wa tisa 2021 konvoi iliyosindikizwa ilishambuliwa karibu na Ofaye, katika Irumu. Watu walikufa, magari yalichomwa, wasafiri wengi walichukuliwa. Kisha jeshi lilifaulu kuokoa wengi wao. Konvoi inajulikana saa yake na njia yake, hata na adui. Hatuna shauri juu ya kazi ya askari, tunasema tu kwamba mzazi asiseme «kuko konvoi» na kulala. Aulize habari za barabara asubuhi ile ile, kwa madereva waliofika jana.

Sasa tulirudilie lile swali la watu wa Uganda: anayeangalia, anaangalia nini, na kwa faida ya nani? Kwetu Ituri swali hili si la vitabuni. Wazee wetu wanakumbuka miaka 1999 mpaka 2003. Kwa barieri mtu aliulizwa jina, kisha kabila, na jibu lake likawa uzima au kifo. Wale waliouliza nao walisema wanalinda usalama. Tangu mwisho wa 2017, vita ilipoanza tena katika Djugu, jambo hilo limeonekana tena kwa barabara kadha. Orodha ile ile inayoweza kumwokoa msafiri majini, ikianguka katika mkono mbaya inaweza kumtoa garini. Tena barieri nyingi haziangalii usalama, zinaangalia mfuko. Ukilipa, hata ukibeba bunduki katika gunia la makaa, kamba inashuka.

Kenya wameona ubaya wa namna hiyo, na wameona pia dawa yake. Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 2014, bisi moja iliyotoka Mandera kwenda Nairobi ilisimamishwa na watu wa Al-Shabaab. Waliwatenga abiria kwa dini, wakaua watu 28. Nyuma ya hayo polisi wakaanza kusindikiza mabisi. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2015, bisi nyingine ikawa inakwenda Mandera, na gari la polisi likaharibika njiani. Adui wakaja. Wakaamuru Waislamu watengane na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mama wengine walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kichwa ili wasijulikane. Walisema: tuueni wote au mtuache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na alikufa mwezi wa kwanza 2016 kwa kidonda kile. Watu wawili walikufa siku ile, lakini bisi nzima ilipona.

Angalieni vema, wandugu. Gari la ulinzi lilikuwa limekufa njiani. Hakuna kamera. Waliolinda ni wale waliokaa kiti kwa kiti, na walilinda kwa kukataa kuonyesha nani ni nani. Basi kuna mambo ya kuandika na kuna mambo ya kuficha. Ya kuandika ni ya gari: plaki, rangi, jina la dereva, chama chake, saa ya kuondoka. Ya kuficha ni ya abiria: kabila, kijiji cha baba, dini. Usalama wetu hautaki kujua kabila la mtu. Mtu akitaka kuandika kabila lako «kwa usalama», muulize litamsaidia nini kukutoa majini. Hata sheria inasema kidogo juu ya jambo hili: tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya nyumerike inayolinda habari za mtu binafsi. Barierini wachache wameisoma, tunajua.

Kisha mazungumzo yale, wanafunzi wa darasa la tano na la sita walipeleka shauri kwa bwana prefe, naye amekubali lijaribiwe likizo hii. Litakuwa hivi. Siku ya kutoka, daftari moja litawekwa mezani kwa mlinzi wa mlango. Kila anayesafiri nje ya mji ataandika jina lake, mahali anapokwenda, plaki ya gari au ya moto, saa ya kuondoka, na namba ya telefoni ya mtu anayemngoja kule. Basi. Hakuna nafasi ya kabila, na mtu asiiongeze. Wanaokwenda njia moja waandikwe pamoja, na mmoja wao, mkubwa, achaguliwe wa kutoa habari.

Anayefika apige telefoni au atume neno kwa motari anayerudi Bunia. Mwalimu wa zamu atafuta jina lake kwa mstari mmoja. Saa kumi na mbili ya jioni ataangalia majina yasiyofutwa na kupigia wale wanaongoja. Jina likibaki mpaka asubuhi, yeye mwenyewe atakwenda kwa parkingi kumuuliza mkubwa wa madereva juu ya plaki ile, na kwa polisi kama inafaa. Pesa za telefoni zimetoka katika sanduku la darasa la sita, kila mmoja alitoa franka 500, hata wale wanaokaa Mudzipela wasio na safari.

Wanafunzi wote watakaporudi, kurasa zile zitachomwa mbele ya wakubwa wa madarasa. Wanaokwenda Kasenyi waandike pia rangi ya mtumbwi, sababu mitumbwi mingi haina plaki.